Dawa za maumivu za binadamu: Je, ni salama kuwapa mbwa na paka?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wake.

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za Waislamu paka hakosekani. Na wenye mashamba, mifugo au nyumba za pembezoni mwa mji, wengi wao wanaye mbwa wa ulinzi. Wanyama hawa nao huumwa kama tunavyoumwa sisi. Paka huanguka kutoka darini, mbwa hugongwa na pikipiki, huchomwa na mwiba au hupigwa jiwe na wapita njia. Mwenye nyumba anamwona mnyama anachechemea na kulia, anamhurumia. Anafungua kabati, anatoa Panadol, Brufen au Diclofenac iliyobaki, anaiponda na kuichanganya na ugali na dagaa. Nia yake ni njema. Lakini je, dawa hiyo ni salama?

Jibu kwa ufupi ni hapana. Kwa paka, kidonge kimoja cha Panadol kinatosha kumuua. Kwa mbwa, Brufen na Diclofenac zinaweza kumtia vidonda vya tumbo, kumtoa damu na kuharibu figo zake. Katika somo la leo, inshaAllah, tutaeleza kwa nini iko hivyo, dalili za madhara ni zipi, na mwenye mnyama afanye nini badala ya kukimbilia kabati la dawa.

JE, JAMBO HILI LINATUHUSU?

Huenda msomaji akasema: mbwa ni najisi, ya nini kuhangaika na maumivu yake? Ndugu yangu, najisi ni hukumu ya twahara, siyo ruhusa ya kumtesa kiumbe. Mtume (S.A.W) ametukataza kufuga mbwa bila sababu, na akatoa ruhusa kwa mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Wanazuoni wengi wakaingiza humo ulinzi wa nyumba pale penye haja. Katika Surat Al-Maida, aya ya 4, imehalalishwa nyama aliyokamata mnyama aliyefunzwa kuwinda. Basi aliyeruhusiwa kufugwa ana haki zake kwa anayemfuga: chakula, maji na kutoteswa.

Sote tumefundishwa madrasa habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Allah (S.W) akamsamehe madhambi yake. Tumefundishwa pia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Hadithi zote mbili zimo katika Bukhari na Muslim. Huruma kwa mnyama ni ibada. Lakini huruma bila elimu inaweza kuua, na hapo ndipo somo letu lilipo.

KWA NINI DAWA INAYOTUPONYA SISI IWADHURU WAO?

Watu wengi hudhani mnyama ni kama mtoto mdogo, kwa hiyo ukimpunguzia kipimo dawa itamfaa. Hesabu hiyo si sahihi. Tofauti haipo kwenye ukubwa wa mwili tu, ipo katika namna Allah (S.W) alivyoliumba ini, figo na tumbo la kila kiumbe. Dawa ambayo ini la binadamu linaishughulikia kwa saa chache, ini la mnyama mwingine linaweza kukaa nayo kwa siku kadhaa, au likaigeuza kuwa sumu.

Tuchukue mfano wa naproxen, dawa ya maumivu ya viungo. Kwa binadamu nusu ya dawa huondoka mwilini kwa saa 12 hadi 17. Kwa mbwa, nusu hiyo huchukua kama siku 3. Ukimpa leo, kesho na keshokutwa, hujampa dozi tatu bali umezilimbikiza moja juu ya nyingine.

Mfano mkubwa zaidi ulitokea India, Pakistan na Nepal. Kuanzia miaka ya 1990 tumbusi, wale ndege wakubwa wanaokula mizoga, walianza kufa kwa wingi hadi wakakaribia kutoweka. Mwaka 2004 watafiti walitangaza kuwa wamegundua sababu: Diclofenac. Wafugaji walikuwa wakiwatibu nayo ng'ombe. Ng'ombe alipokufa na mzoga wake kuliwa, mabaki ya dawa ndani ya nyama yaliharibu figo za tumbusi. Mwaka 2006 nchi hizo tatu zilichukua hatua ya kuipiga marufuku Diclofenac kwa mifugo. Angalia, ndugu msomaji: dawa ni ile ile. Binadamu anameza, ng'ombe anachomwa, na ndege anakufa kwa mabaki tu. Kumbe usalama wa dawa kwako si ushahidi wa usalama wake kwa kiumbe mwingine.

TUZIANGALIE DAWA MOJA MOJA

1. Parasetamoli (Panadol na nyinginezo)

Binadamu anapomeza parasetamoli, ini lake huiunganisha na vitu vingine ili itoke salama kwenye mkojo. Paka ameumbwa na uwezo mdogo sana wa kufanya kazi hiyo. Dawa inageuka sumu inayoshambulia chembe nyekundu za damu, nazo zinashindwa kubeba hewa safi. Paka anakosa hewa ilhali anapumua. Ufizi wake unakuwa wa kahawia au buluu, uso na nyayo zinavimba, anahema kwa shida na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Wapo wanaosema, "Nitampa robo kidonge tu." Tufanye hesabu. Paka wa kawaida ana kama kilo 3. Kidonge kimoja kina miligramu 500. Robo yake ni miligramu 125, yaani zaidi ya miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili wa paka. Dalili za sumu kwa paka zimeonekana hata kwa miligramu 10 kwa kilo. Maana yake, robo kidonge ni mara nne ya kiasi kinachoweza kumdhuru. Kwa paka hakuna kipimo salama cha parasetamoli, iwe kidonge au dawa ya maji ya watoto.

Mbwa anaivumilia zaidi kuliko paka, na daktari wa mifugo anaweza kumwandikia kwa kipimo maalumu baada ya kumpima uzito. Lakini akizidishiwa, ini lake huharibika. Atatapika, ataacha kula, na baada ya siku mbili tatu weupe wa macho yake unaweza kugeuka njano.

2. Ibuprofeni (Brufen), Diclofenac na naproxen

Dawa hizi huondoa maumivu kwa kuzuia kemikali mwilini ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo huleta maumivu na uvimbe, lakini zina kazi nyingine njema: hulinda ngozi ya ndani ya tumbo isiliwe na asidi, na husaidia damu kufika vizuri kwenye figo. Ukizizuia kupita kiasi, umeondoa maumivu na ulinzi kwa pamoja. Ndiyo maana hata sisi binadamu tunaambiwa tusimeze Diclofenac kwa njaa wala tusiifanye chakula cha kila siku. Kwa mbwa na paka hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Tufanye hesabu tena. Mbwa wa kienyeji mwenye kilo 10 akipewa kidonge kimoja cha ibuprofeni cha miligramu 400, amepata miligramu 40 kwa kila kilo. Kutapika na vidonda vya tumbo vinaweza kuanza kwenye miligramu 25 kwa kilo. Akipewa kutwa mara tatu kama tunavyoandikiwa sisi, anafika miligramu 120 kwa siku, na figo huanza kuharibika kwenye kiasi cha miligramu 175. Mtoto wa mbwa mwenye kilo 5 akila vidonge viwili tu yuko karibu na mpaka huo. Na hata dozi ndogo ikirudiwa kila siku kwa wiki kadhaa huleta vidonda. Kwa paka, kiasi kidogo kuliko hicho kinatosha kuharibu figo.

3. Aspirini na vidonge vya mchanganyiko

Kwa paka aspirini hutoka mwilini polepole mno, zaidi ya siku nzima inapita kabla nusu yake haijaondoka. Kwa mbwa huleta vidonda vya tumbo na kuzuia damu isigande, jambo la hatari hasa kwa aliyegongwa na anayevuja damu ndani. Vile vidonge vya kichwa vyenye aspirini, parasetamoli na kafeini kwa pamoja ni vibaya zaidi, kwani kafeini nayo ni sumu kwa mbwa.

4. Meloxicam

Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kujua nusu. Ni kweli kwamba meloxicam hutumiwa na madaktari wa mifugo kwa mbwa. Lakini mbwa wa kilo 10 hupewa miligramu 2 siku ya kwanza, kisha miligramu 1 kwa siku. Kidonge kidogo kabisa cha binadamu kilichozoeleka kina miligramu 7.5. Yaani jina la dawa ni moja, na kidonge kimoja ni zaidi ya dozi ya wiki nzima ya kumwendeleza.

5. Dawa za kuchua

Usimpake mnyama dawa ya kuchua yenye Diclofenac. Mbwa na paka hujilamba, na ulichopaka mguuni kitaingia tumboni. Na kama wewe mwenyewe umejipaka, usimwache paka akulambe au alale juu ya mahali hapo.

MAUMIVU NI DALILI, SIYO UGONJWA

Ndugu msomaji, hata kama dawa hizi zisingekuwa na sumu, bado kungekuwa na tatizo. Maumivu ni taarifa. Mbwa aliyevunjika mguu haukanyagii kwa sababu unauma. Ukimwondolea maumivu bila kuufunga mguu, ataukanyaga na kuuvunja zaidi. Mbwa aliyelegea, ana homa na hataki kula anaweza kuwa na ugonjwa unaoletwa na kupe. Huyo anahitaji dawa ya kuua vijidudu vya ugonjwa huo, na kidonge cha maumivu kitamchelewesha tu.

Ipo hatari nyingine inayotuhusu sisi wenyewe, nayo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu unapoanza, mbwa anaweza kutoa udenda mwingi, kushindwa kumeza na kuacha mdomo wazi, kama aliyekwamwa na mfupa kooni. Mwenye mbwa akidhani anaumwa meno, anaingiza mkono mdomoni kumtazama au kumpa kidonge. Udenda huo ndio unaobeba virusi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka duniani, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona.

Kwa hiyo mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetoa udenda, anayeng'ata bila kuchokozwa au anayepooza taya au miguu, usimfungue mdomo. Mtenge mahali ambapo watoto hawafiki na utoe taarifa kwa ofisa mifugo. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na udenda kwenye jeraha, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa.

DALILI ZA MADHARA NA HATUA ZA HARAKA

Kama mnyama ameshapewa dawa, au ameiiba mwenyewe, angalia yafuatayo:

1. Kutapika, hasa matapishi yenye damu au yanayofanana na kahawa iliyosagwa.
2. Kinyesi cheusi chenye kunata kama lami. Hiyo ni damu iliyotoka tumboni.
3. Kuacha kula, kulegea, kunywa maji sana, kisha mkojo kupungua.
4. Kuvimba uso na nyayo, ufizi kuwa mweupe, kahawia au buluu.
5. Kuhema haraka, kuyumba au kupata degedege.

Usisubiri dalili zote zitimie. Ukijua tu kwamba ameimeza, mpigie daktari wa mifugo mara moja. Ndani ya saa moja au mbili za mwanzo anaweza kumtapisha kwa njia salama kabla dawa haijaingia kwenye damu. Kwa sumu ya parasetamoli ipo dawa ya kuizuia iitwayo acetylcysteine, nayo hufaa zaidi inapotolewa mapema. Mweleze mambo manne: jina la dawa, ukubwa wa kidonge kwa miligramu, idadi ya vidonge na saa aliyokula. Chukua na pakiti yake. Mweleze pia kama mnyama alipewa dexamethasone au prednisolone, kwani dawa hizo zikikutana na Brufen au Diclofenac vidonda vya tumbo huja haraka zaidi.

Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, kwani chumvi nyingi nayo ni sumu. Usimmiminie maziwa wala mafuta ya kula. Yanaweza kuingia kwenye mapafu na hayaondoi sumu.

UFANYE NINI BADALA YA KUMPA KIDONGE?

Kwanza, mpumzishe. Mfunge au mweke mahali pakavu penye kivuli, asipande wala kukimbia. Mwekee maji safi karibu.

Pili, kabla hujamgusa mfunge mdomo kwa kitambaa laini, ilimradi hatapiki na anapumua vizuri. Hata mbwa mpole huuma anapoguswa penye maumivu.

Tatu, angalia kama kuna mwiba, msumari au jeraha. Jeraha lisafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Penye uvimbe mpya weka kitambaa chenye maji baridi kwa dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku.

Nne, mwite daktari wa mifugo au ofisa mifugo wa kata yako. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kama carprofen, na zipo za paka, na yeye ndiye anayejua uzito, kipimo na idadi ya siku. Kwa walio Morogoro na jirani, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina hospitali ya wanyama. Na tukumbuke kuwa Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima.

Tano, hifadhi dawa zako. Vidonge vingi vya ibuprofeni vimepakwa sukari kwa nje, na mbwa hutafuna pakiti nzima kama peremende. Baadhi ya dawa za maji zisizo na sukari hutiwa utamu uitwao xylitol, ambao hushusha sukari ya mbwa ghafla. Kabati refu lenye mlango litamlinda mnyama, na litamlinda mtoto wako kabla yake.

USAFI BAADA YA KUMHUDUMIA

Paka si najisi, na Mtume (S.A.W) ametufundisha kuwa yeye ni katika wanaotuzunguka majumbani. Kumhudumia hakuna uzito, ila nawa mikono kwa sabuni kwa ajili ya vijidudu.

Kwa mbwa, katika madhehebu ya Imam Shafii, chombo alichokilamba na mahali palipogusana naye kwa unyevu huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mkavu kwa mkavu hakuhamishi najisi. Kwa hiyo tenga bakuli lake, kamba yake na kitambaa chake, visichanganywe na vyombo vya nyumbani. Vaa glavu na nguo ya kazi, kisha ujitwaharishe kabla ya Swala. Ukifanya hivyo hutakuwa na udhuru wa kumwacha mnyama afe kwa maumivu kwa kuogopa najisi.

HITIMISHO

Katika Hadithi waliyoipokea Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah, Mtume (S.A.W) ametufundisha kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa elimu hiyo, anawajibika kwa madhara atakayosababisha. Hadithi hii kwa kawaida tunaisoma kwa wagonjwa wa kibinadamu. Lakini mnyama aliye chini ya mkono wako ni amana, hawezi kusema wapi panauma, hawezi kukataa kidonge ulichokificha ndani ya dagaa, na hawezi kukushitaki kwa hakimu wa dunia. Hilo linazidisha uzito wa jambo, halilipunguzi. Hata sisi matabibu wa binadamu tukiletewa swali la mbwa au paka, jibu letu la haki ni kumwelekeza muulizaji kwa daktari wa mifugo.

Ewe baba na ewe mama, waelezeni watoto leo hii kwamba dawa ya kabati la nyumbani si ya paka wala si ya mbwa, hata robo yake. Andikeni namba ya simu ya ofisa mifugo wenu mahali panapoonekana, kabla haijahitajika.

Allah (S.W) atujaalie kuwa wenye huruma yenye elimu, na atuhifadhi sisi, watoto wetu na viumbe alivyovidhalilisha kwa ajili yetu. Amin.

Wallahu a'lam.